Ukungu Ndani ya Kamera ya Mjomba

3 Februari

Kwa mpwa wangu Msomi,

Pokea salamu zangu zikiwa bado na moto wa pasi. Mimi mzima kama chuma. Hapa hotelini bado ni dobi mkuu kwa sifa, ingawa kwa cheo yuko mama mmoja juu yangu anayetembea na funguo kiunoni. Tunamwita Mama Funguo, na akija unamsikia kabla hujamwona, kama punda aliyevishwa kengele. Mwenzangu wa mashine ya kukaushia, Kifungo, anakusalimu pia. Jina hilo kalipata kwa kuokota vifungo vya wageni ndani ya mashine. Ana kopo zima limejaa, na shati lake mwenyewe halina hata kimoja.

Mama yako vipi? Mwambie mdogo wake ananenepa. Mwambie pia kwamba siku nyingi hajaniandikia kwa mkono wake, kila barua ni mwandiko wako tu. Au dada yangu siku hizi amekuwa mkubwa, ana karani?

Sasa habari yenyewe, na ukae kitako kwanza. Nimenunua kamera! Si hii ya simu, hapana, ni kamera yenye shingo, ile ya kuzungusha-zungusha. Imetumika kidogo, mwenyewe alikuwa mpiga picha wa harusi, akaacha kazi siku alipoachika yeye. Mimi nimekanyaga nchi nne, nimewaona wapiga picha wa kila namna, nikajua kazi yao ni kubonyeza tu. Mpwa wangu, si kubonyeza tu.

Nilipiga picha mashuka yangu kwenye kamba, yametoka kuchemshwa, meupe hadi yanaumiza. Picha ikatoka ya kijivu! Kijivu cha maji yaliyooshea masufuria. Nikawaza, binadamu hukosea lakini mashine haina sababu ya kunisingizia. Nikayarudisha mashuka yote majini. Nikaongeza sabuni. Nikapiga tena, kijivu kile kile. Nikamwita muuza sabuni nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mama yako atayasoma. Kifungo alicheka mpaka akaangukia kapuni. "Dobi gani wewe, unaambiwa na kamera kwamba hujui kufua, na unakubali?"

Na kuna la pili. Picha zangu zote zina ukungu. Nimefuta lenzi, nimesubiri mvuke utoke, nimetoka nje kabisa, wapi. Wewe si unajifunza kazi kwa mwenye studio? Niulizie. Hizo picha nimezitia humu. Mwonyeshe mama yako, aniambie anazionaje.

Mjomba wako asiyeshindwa.


27 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa vizuri kuliko barua zote za mtaa huu, nikajua mkunjaji ni nani. Sisi hatujambo. Jirani wa ukutani amehama, kahamia mwingine mwenye cherehani, kwa hiyo tunalala na kuamka kwa trrr-trrr. Mama hajambo. Anasema unenepe lakini usipasuke. Picha zako yuko nazo mapajani tangu mchana, hataki nizirudishe kwenye bahasha. Anazipapasa kingo kama mtu anayetafuta pindo.

Kuhusu mashuka, mwombe radhi muuza sabuni. Mimi mwenyewe nimelijua hili juzi tu, kwa aibu. Mwalimu wangu tunamwita Bwana Kidevu, maana kila anayekaa kwenye kile kiti anaambiwa "kidevu chini", hata mtoto mchanga ambaye kidevu bado hajaletewa. Nilimpiga picha ya pasipoti bwana mmoja mweusi tii mbele ya pazia jeupe, akatoka kivuli chenye masikio. Bwana Kidevu akaitazama, akanitazama. "Binti, umepiga picha mtu au mlango?"

Ndipo akanieleza. Kamera ina mita ya kupima mwanga, na mita hiyo haijui shuka wala mkaa. Kila inachokiona inakidhania ni cha katikati, si cheupe, si cheusi. Ukiionyesha weupe mtupu inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na weupe wako unakuwa kijivu. Ukiionyesha weusi mtupu inafanya kinyume, inauchujusha. Kwa hiyo wewe ndiye wa kuisahihisha. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwa mashuka, jumlisha. Na ukimpiga mtu mbele ya mashuka, ipimishe shavu lake, usiipimishe shuka.

Ila hilo la ukungu sijalielewa. Kwenye picha ya kamba naona mshono wa pindo, uzi kwa uzi. Naona kutu kwenye chuma cha kibanio. Ukungu uko wapi, Mjomba?

Mpwa wako.


20 Machi

Kwa Msomi, mwalimu wa wajomba,

Salamu kutoka ufalme wa mvuke. Sijambo, na nina habari njema mbili.

Ya kwanza, weupe umerudi! Nimejumlisha kama ulivyosema, Kifungo anasema mashuka yanawaka kama maziwa. Muuza sabuni nimemwomba radhi. Amekubali, ila siku hizi akiniuzia anasimama mbali.

Ya pili, nimepanda cheo. Nilikuwa meza ya kukagua madoa, sasa Mama Funguo ameniweka kwenye kukunja. Usidhani ni jambo dogo. Shuka likikunjwa ovyo, hoteli nzima inaonekana kama imelala na viatu. Madoa amepewa Kifungo, maskini, kazi ya kuinamia-inamia ile.

Sasa nije kwenye shauri langu. Hii otofokasi, yaani kamera kujilengea yenyewe, ni mwongo wa mchana kweupe. Nabonyeza nusu, kisanduku kinakuwa cha kijani, inalia "pii", maana yake imeshampata mtu. Haya, nabonyeza yote. Naangalia kioo cha nyuma, nakuta ukungu! Nimempiga Kifungo pembeni ya mashine mara nyingi hadi anaomba mshahara wa pili. Zote sawasawa, hakuna yenye nafuu. Sasa hiyo "pii" inamshangilia nani?

Lakini nikwambie jambo, usimwambie Kifungo. Dunia imependeza siku hizi. Jioni nikitoka kazini taa za barabarani zinawaka kila moja na pete yake, pete ndani ya pete, zina rangi kama mafuta juu ya maji. Ule mvuke wetu umenizoea, unanisindikiza hadi nyumbani. Watu wananijia taratibu kana kwamba wanatoka ndotoni. Kwanza inafika sauti, halafu shati, jina linakuja mwisho. Natembea katikati yao kama bwana harusi aliyesahau njia ya ukumbini. Ningependa mama yako aione dunia hii. Nimezipiga picha zile taa kwa ajili yake, ila Kifungo anasema kwenye picha taa ni taa tu, hazina pete. Ndipo nikajua kamera hii ni duni.

Picha zote, za taa na za Kifungo, nimezitia humu. Mwambie dada aniambie yeye anaona nini.

Mjomba, mkunjaji mkuu.


2 Mei

Shikamoo Mjomba,

Samahani kwa kuchelewa. Huku hatuumwi. Jirani wa cherehani tumemzoea, akinyamaza ndiyo tunashtuka. Mimi nimeanza kuachiwa studio peke yangu Bwana Kidevu akienda kula.

Barua yako niliisoma kwa sauti, kama kawaida yetu. Nilipofika kwenye pete za taa Mama akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Kisha akainuka, akaenda kukaa mlangoni.

Picha za Kifungo nilizipeleka studio. Bwana Kidevu alizitandaza mezani akazipitia kwa kioo cha kukuzia. Akacheka, kwa sababu kwenye moja Kifungo amefumba jicho na kope zake zinahesabika. Akasema, "Huyu mjomba wako ana mkono mtulivu. Mwambie aache kulalamika, au aje achukue nafasi yako."

Mjomba, katika zote hizo, moja tu ndiyo ina ukungu. Otofokasi ikiachiwa ichague yenyewe hupenda kilicho karibu. Pale imeshika kibanio kilichoning'inia mbele, ikamwacha Kifungo nyuma ameyeyuka kama sabuni. Dawa yake ni kukipeleka kisanduku wewe mwenyewe, ukiweke juu ya jicho la mtu. Hilo ni kosa la kila mwanafunzi, mimi nalifanya kila siku. Lakini wewe uliniandikia kwamba zote ni sawasawa. Ukizitandaza mezani, hiyo moja na nyingine, huoni tofauti?

Nasema kwa adabu, na nimekuwa nikiliandika na kulifuta. Kamera ni nzima. Otofokasi haikudanganyi. Nenda kwa daktari wa macho, Mjomba wangu. Nenda mapema.

Mpwa wako anayekupenda.


19 Mei

Mpwa,

Salamu. Mzima. Kifungo mzima. Mama Funguo mzima, kwa bahati mbaya.

Niliomba mafunzo ya kamera, naona nimeandikiwa dawa. Siku hizi picha za pasipoti zinatoa na udaktari? Jicho langu hili limewahi kuona tone la chai kwenye kitambaa kilichokunjwa, kikiwa ndani ya kapu, kapu likiwa mkononi mwa mtu anayekimbia. Waulize watu wa hapa. Basi, tuseme waulize wa zamani.

Na tuseme nimekwenda. Mtu akiingia kwa daktari wa macho anatoka na karatasi. Karatasi ikifika kwa Mama Funguo, dobi asiyeona doa ni nani? Ni mtu wa kukabidhiwa ufagio, na baada ya ufagio ni mlango. Mimi sijui kazi nyingine. Najigamba sana, wewe unanijua, lakini hilo nalijua.

Kwa hiyo yaishe. Nina ndugu mmoja tu hapa duniani ambaye hajawahi kunidanganya, naye ni mama yako. Yeye akiniandikia kwa mkono wake kwamba ameziona picha zangu na hazina ukungu, nitakwenda. Si wewe, wala si Bwana Kidevu na kioo chake.

Mjomba.


8 Juni

Shikamoo Mjomba,

Leo salamu ni fupi, unisamehe. Kwenye bahasha utakuta karatasi nyingine imekunjwa mara mbili. Nakuomba usiifungue mpaka umalize hii.

Barua yako nilimsomea Mama chumbani kwake, amekaa kitandani, dirisha liko wazi. Nilipofika kwenye maneno "hajawahi kunidanganya" nilitaka kuruka. Akasema, "Usiruke. Najua unavyovuta pumzi ukitaka kuruka." Nikasoma yote. Akalipapasa dirisha, akalifunga.

"Mwambie," akasema.

"Nimwambie nini, Mama?"

"Unajua. Nilikukataza, sasa nakuruhusu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha, basi yameniumbua mimi. Yeye hapana."

Mjomba, Mama haoni. Mwaka wa pili sasa. Alianza kwa pete kwenye taa, zile zile ulizoniandikia kama habari njema. Kisha pembeni kukaanza kuliwa na giza, akawa anaona kama mtu anayechungulia tunduni. Alimwambia kila mtu ni vumbi, ni uchovu, ni uzee. Alinikataza nisikuandikie kwa sababu ungeacha kazi uje, na alisema kwako kazi ndiyo mgongo. Tulipofika kwa daktari akasema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, tungewahi. Neno "tungewahi" Mama hulirudia akiwa anachambua mboga, peke yake.

Picha zako zote mimi ndiye ninayemweleza. Nakaa miguuni pake, nasema shuka liko huku, Kifungo yuko kule, mwanga unaingia kwa upande huu. Ananisahihisha. "Kifungo hawezi kuwa mnene, anachekacheka sana huyo." Za taa za barabarani alizishika muda mrefu. Aliuliza, "Zina pete?" Nikasema hazina. Akasema, "Basi pete ziko kwa mdogo wangu."

Mimi sijui la kwako ni hili au jingine. Huenda ni jepesi. Lakini asiyekwenda hajui.

Umemtaka aandike kwa mkono wake. Ameandika. Nilitaka kumshika mkono, akanipiga kofi la mkononi kama mtoto. Mistari imepandana, ivumilie.

Mpwa wako.

*(Karatasi ya pili, kwa herufi kubwa, zinazopanda hadi ukingoni)*

MDOGO WANGU PICHA ZAKO SIJAZIONA MIMI SIONI TENA. WEWE BADO. NENDA KABLA HUJAMALIZA KUSOMA HII. DADA


30 Agosti

Kwa mpwa wangu,

Utakuwa umeninung'unikia kwa kukaa kimya, na ni haki yako. Ile karatasi ndogo niliisoma kwa kuisogeza puani, nimesimama kati ya mafurushi, na sikuimaliza. Nilivua aproni nikaenda nilivyo. Kifungo alinifuata nyuma akipiga kelele kwamba nimeacha pasi inawaka.

Daktari mwenyewe ni binti, umri wako. Akaniwashia tochi machoni akasema, "Baba, una mtoto wa jicho." Nikamwambia sikuwahi kuzaa, huyu anamsingizia nani? Akacheka. Akasema ni ukungu unaoota ndani ya jicho lenyewe, kwenye kioo chake, na huo unatolewa. Nikamuuliza kuhusu presha ya macho. Akapima. Akasema sina, lakini nisiache kupimwa, maana inatembea kwenye damu ya ndugu. Nawe upimwe, Msomi. Hilo si ombi. Ukibisha namwandikia Bwana Kidevu akupeleke kwa nguvu, kidevu chini.

Jicho la kulia limeshafanyiwa upasuaji. La kushoto bado kidogo. Mama Funguo sikumficha. Nilisimama mbele yake nikasema mwenyewe. Akazichezea funguo zake, akaniambia alijua tangu siku aliponitoa kwenye madoa, alikuwa akingoja niseme mwenyewe kama mwanamume. Hakunipa ufagio. Alinipa likizo na matusi, vyote kwa wingi.

Sasa barua hii yako inaishia hapa. Iliyobaki ni ya mama yako. Msomee polepole, na ukivuta pumzi ya kuruka, nitaisikia huku.

Shikamoo Dada.

Sina la kukuambia kuhusu kimya chako. Wewe ni mkubwa. Nilipotoka kwa daktari nilitamani tungebadilishana, la kwangu jepesi ulichukue wewe. Nililisema kwa sauti, njiani, watu wakanipisha.

Siku walipolifungua jicho, kwanza niliona mkono wa muuguzi. Una vinyweleo, Dada, vidogo, vimelala upande mmoja kama majani baada ya mvua. Nikauangalia mpaka akaurudisha mfukoni. Kisha nikaona ukuta. Kumbe miaka hii nilikuwa naishi ndani ya kikombe cha chai. Kila kitu kilikuwa na rangi ya chai na mimi nikadhani ndivyo dunia ilivyozeeka. Bluu imerudi. Sare ya Kifungo ni ya bluu, siku zote nilimwambia ni ya kijani na akanyamaza tu kwa huruma, mshenzi yule.

Nilipanda juu kunakoanikwa. Mashuka yalikuwa yamejaa upepo. Weupe, Dada, sijui nikupeje. Si rangi. Ni kama mtu anapotaja jina lako katikati ya usingizi, unafumbua macho na chumba kizima kimekwisha kukungojea. Yanapanda, yanashuka, kila moja na kivuli cha jirani yake, na kivuli chenyewe si cheusi, kina ubluu mwepesi kama maji ndani ya glasi. Nilisimama katikati yao mpaka Kifungo akaja kuuliza kama nimekufa.

Taa jioni ni taa tu sasa. Pete zimekwenda. Nisikufiche, nimezikosa kidogo.

Halafu nilisukuma kofia kisogoni, nikampa Kifungo kamera anipige. Nikamfundisha, maana mimi sasa ni mwalimu. Weka kisanduku jichoni, hili jipya, pima shavu, achana na shuka la nyuma, ngoja "pii". Akabonyeza. Akanipa nitazame kwenye kile kioo kidogo.

Nikavua kofia. Karibu niamkie.

Dada, ni baba. Nywele zimerudi nyuma vile vile. Mkunjo ule kati ya nyusi, na sikio la kushoto lililoinama mbele kama linasikiliza mlangoni. Nimezunguka nchi nne nikijidai sina mfano, kumbe nilikuwa njiani kwenda kuwa yeye.

Uliniacha kijana mwenye kichwa kilichojaa nywele, na najua ndivyo unavyoniona mpaka leo. Basi badilisha. Picha nimebaki nayo huku, wewe huihitaji. Mkumbuke baba jioni akirudi kazini, amekaa kwenye kile kiti kifupi, kofia iko magotini, umemwambia jambo la kuchekesha na hataki tujue kwamba anataka kucheka. Mshike hapo hapo. Mpunguzie ukali kidogo, mnenepeshe kidogo.

Huyo ni mimi, leo, Dada yangu. Umeniona.

Mdogo wako.